Peleti za kasuku na mizani ya jikoni: miezi minane na ndege anayeuliza "Ushakula?"

Kasuku wangu si wangu hasa. Alikuwa wa mama mkubwa, na mama mkubwa alipofariki alituachia nyumba ya Mji wa Kale hapa Mombasa, masinia ya shaba, bili ya maji, na ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu anayeuliza kutwa nzima, kwa sauti ile ile ya marehemu: "Ushakula?" Kibali cha KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, kilikuwepo, nikafuatilia kikaandikwa jina langu. Nalitaja hilo mapema kwa sababu najua kuna mtu ataniuliza, na ana haki ya kuuliza. Kasuku wa kijivu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017, na anayeuziwa ndege kichochoroni bila karatasi ananunua kesi.

Chakula chake pia nilikirithi. Asubuhi kipande cha hamri kilichochovywa kwenye chai ya maziwa, mchana karanga, jioni bakuli la alizeti limejaa pomoni. Alilishwa hivyo miaka kumi na moja, nami nikaendeleza hivyo hivyo. Nani mimi nigeuze desturi ya nyumba?

Kilichonishtua ni chafya. Kwanza mbili tatu kwa siku, kisha ikawa kila akijikung'uta ni chafya, na pua imeganda ukoko. Manyoya ya kifuani yakaanza kukonda, nikawa nayaokota chini ya tundu kila asubuhi. Daktari wa wanyama wa kwanza alikuwa mtu muungwana, lakini alikiri mwenyewe kwamba kazi yake ni ng'ombe na mbuzi. Wa pili, aliyesomea ndege, tulimpata kwa shida. Akamfunga ndege kwenye taulo, akampanua mdomo, akaniita nichungulie kwa tochi. Kwenye paa la kinywa cha kasuku mwenye afya kuna vijiti vidogo vidogo kama meno ya kitana. Vya huyu wangu vilikuwa vimelika, na pembeni pana madoa meupe.

"Vitamini A," akasema. "Alizeti hiyo, bwana. Unamlisha mafuta."

Kiini cha alizeti, ukitoa ganda, karibu nusu yake ni mafuta. Kalsiamu ni kidogo mno, na vitamini A ni kama hakuna. Kasuku wa kijivu hasa ni mwepesi wa kupungukiwa kalsiamu kwenye damu, na hali hiyo ikizidi hutetemeka, hudondoka kijitini, akashikwa na degedege. Daktari akatoa damu kidogo ya kupima, akaandika dawa, kisha akanipa orodha ya vitu viwili vya kununua. Nilitegemea cha kwanza kiwe chakula. Kilikuwa mizani ya jikoni.

Nilidhani ananitania.

Mizani yenyewe ni hii ya kawaida ya plastiki ambayo wauza keki wa nyumbani wanaitumia: mwisho kilo 5, inasoma gramu moja moja, shilingi 1,100 kwenye maduka ya nyuma ya Marikiti. Niliijaribu kwa pakiti ya chumvi ya nusu kilo, ikasoma 503, nikaihesabia karatasi, nikaridhika. Kasuku hakuridhika. Uso wa mizani ni wa kuteleza, na siku ya kwanza alisimama juu yake sekunde mbili, kucha zikamsaliti, akaenda chini kama embe. Siku ya pili aling'oa kitufe cha kuwashia. Fundi wa mtaani akanitengenezea kijiti cha kusimamia chenye miguu, kipande cha mpera juu ya ubao. Unaweka ubao, unarudisha mizani sifuri, ndege anapanda. Kasoro kubwa ya mizani ni kwamba inajizima yenyewe upesi, na kasuku si mtu wa kuharakishwa.

Uzito wa kwanza: gramu 468. Niliuandika kwenye daftari la chapa ya Kasuku, na naapa jina hilo halikuchaguliwa kwa makusudi, ndilo lililokuwa dukani. Daktari akaniambia nipige mstari kwenye 421. Akifika hapo atakuwa amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na kwa ndege hilo si kupungua, ni hatari. Yeye binafsi, akasema, hataki hata nikaribie.

Sasa peleti. Waliofuga sungura na kuku wanalijua neno. Ni nafaka, kunde, madini na vitamini vilivyosagwa pamoja na kukatwa vipande, ili ndege asipate nafasi ya kuchagua anachokipenda na kuacha kinachomfaa. Mfuko wangu wa kwanza niliununua dukani, sitalitaja, ambako huzitoa kwenye gunia kubwa na kuzifunga upya kwenye nailoni bila tarehe wala jina la kiwanda. Zilikuwa za rangi: nyekundu, njano, kijani, na harufu ya peremende. Kasuku alichagua nyekundu tu. Kesho yake nikakuta kinyesi chekundu kwenye gazeti, nikampigia daktari saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikilia kwamba ndege anatoka damu. Ilikuwa rangi. Daktari alinyamaza kidogo kisha akaniuliza kama nimeshampima uzito. Nikamwaga mfuko wote.

Zilizofuata ni Harrison's, za Marekani, kampuni iliyoanzishwa na daktari wa ndege, Greg Harrison. Hazina rangi. Ni za kahawia, zinanuka kama ghala la nafaka, na ukizitia mdomoni (nilizitia, mengine mtayaona mbele) ni kama kutafuna biskuti ambayo mtu amesahau kuitia sukari. Wana aina mbili kuu za ndege wazima: High Potency ya kuanzia na Adult Lifetime ya kuendelea nayo. Nilichukua ya kwanza, zile chembe kubwa. Mfuko mdogo ni gramu 454, na pamoja na usafiri kutoka Nairobi nililipa zaidi ya shilingi 4,000. Tulia kwanza, ukimaliza kupiga hesabu ya pilau ya familia tuendelee.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa lilikuwa langu kwa ushauri wa muuzaji: "Mwondolee mbegu zote. Akishikwa na njaa atakula." Inaonekana ni maneno ya busara. Hata mama zetu walitulea hivyo. Asubuhi nikaondoa alizeti, nikajaza peleti. Jioni nikaona bakuli limepungua karibu nusu, nikafurahi. Kesho yake hivyo hivyo. Kinywa changu kikawa kipana, nikawasimulia watu kwamba wangu hakusumbua hata kidogo.

Daftari likasema mengine. 468. 461. 452. 441.

Nikaenda kuinama chini ya tundu. Unga. Alikuwa anaichukua peleti kwa mguu, anaitafuna mpaka iwe vumbi, anaiacha idondoke, anachukua nyingine. Alikuwa anacheza. Na kinyesi kilikuwa kimegeuka, kidogo, kijani kibichi, na maji mengi, kile cha mnyama ambaye tumbo halina kitu. Siku ya tano ilikuwa 433. Na muda wote huo, juu ya kijiti chake, ananitazama kwa jicho moja: "Ushakula? Ushakula?"

Nilimrudishia alizeti saa hiyo hiyo. Alikula mpaka nikaona haya.

Ndipo nikaelewa kwa nini mizani ilitangulia kwenye orodha. Bakuli linadanganya pande zote mbili. La peleti linapungua na ndege hajala. La mbegu linaonekana limejaa kumbe ni maganda matupu, mpaka ulipulize ndipo uone chini pana nini. Macho nayo hayasaidii, maana manyoya yanaficha. Ukimgusa kifuani unaweza kusikia mfupa wa kidari umeanza kuchomoza, lakini ukingoja usikie kwa kidole umeshachelewa.

Safari ya pili ilichukua wiki tisa. Asubuhi, akiwa na njaa halisi, peleti peke yake kwa saa mbili. Jioni mbegu, lakini za kupimwa kwa kijiko cha chai. Katikati ndipo palipokuwa na kazi. Nilisaga peleti kwenye kinu cha bizari, nikachanganya na kiazi kitamu cha ndani ya rangi ya machungwa kilichopondwa, na juu yake tone la mawese. Hayo mawese nililetewa na shemeji kutoka Kigoma, mekundu kama udongo wa Tsavo, na ni vitamini A tupu kwa lugha yetu sisi watu wa jikoni. Wenzake wa mwituni, Kongo na Uganda, hula matunda ya mchikichi yenyewe. Sijui kama damu inakumbuka, lakini siku hiyo hakuchezea. Alikula, akapangusa mdomo kwenye kijiti, akarudi.

Peleti nzima aliikubali kwa njia ambayo haimo kwenye maelekezo yoyote. Nilikaa mezani na kisahani, nikawa nazitafuna mwenyewe mbele yake huku nikitoa sauti za utamu. Mke wangu alipita, akatazama, akaendelea na safari yake. Kasuku akashuka, akatembea juu ya kitambaa cha meza kwa ule mwendo wao wa bata mwenye hasira, akaninyang'anya moja, akaenda kuichovya kwenye maji yake. Ikalainika. Akaila. Tangu siku hiyo anachovya kila moja, kama alivyofundishwa hamri na chai, na bakuli la maji linageuka uji kabla ya saa tatu. Lazima libadilishwe mara mbili tatu kwa siku, joto la Mombasa halisubiri mtu. Kama huna muda huo, peleti zitakutesa.

Mboga ni rahisi hapa kwetu kuliko watu wanavyodhani, na hakuna haja ya kununua kitu cha mfuko. Sukuma wiki, yenye kalsiamu nzuri, matembele, karoti, boga, kipande cha papai na mbegu zake. Mchicha nampa mara chache tu, kwa sababu una kitu kinachoshika kalsiamu isifyonzwe. Pilipili ndiyo sherehe. Ndege hawasikii ukali wake hata kidogo, na huyu hula pilipili mbuzi kama tufaha. Usikubali tu akubusu baadaye. Mimi nilikubali. Parachichi halivuki mlango, ni sumu kwa kasuku. Chokoleti vivyo hivyo, na chai nayo imekwisha. Hiyo ya chai ndiyo iliyoniuma, maana kila jioni ilikuwa saa yao yeye na mama mkubwa, na bado thermosi ikifunguliwa hupiga mluzi.

Karanga nimezipunguza mpaka moja moja ya zawadi, za daraja la kuliwa na watu na zilizokauka vizuri. Nchi hii haihitaji kufundishwa habari ya sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye kuvu yaliua watu 125, wengi wao Ukambani. Mwili wa gramu mia nne na kitu hauna pa kuificha.

Kuhusu gharama. Wangu hula gramu 25 hadi 30 za peleti kwa siku, pamoja na anachomwaga, kwa hiyo mfuko mdogo haufikishi siku ishirini. Mfuko wa kilo mbili na robo una nafuu, lakini ukishafunguliwa haufai kukaa muda mrefu, na kwa unyevu wetu huu nisingethubutu. Nimepata jirani Kizingo mwenye ndege wawili wenye karatasi zao, tunagawana mfuko mkubwa, changu nakiweka kwenye friza ndani ya chupa za plastiki na kutoa kidogo kidogo.

Chafya zimekwisha mwezi wa nne. Manyoya ya kifua yamerudi, si yote. Daktari alipomfungua mdomo mara ya mwisho alisema vile vijiti vinaota taratibu, na vingine huenda visirudi. Jua la asubuhi kwenye baraza nalo limo kwenye dawa, nusu saa, nje kabisa na si nyuma ya kioo, kwa sababu kioo huzuia ile miale inayomsaidia kutengeneza vitamini D.

Kama mnataka nyota: peleti nazipa nne, moja imeliwa na bei na ule uji. Mizani tano, pamoja na kitufe kilichong'olewa. Zile za rangi za nailoni hazina hata moja.

Siku hizi hapandi mizani kwa kushawishiwa. Nikiiwasha tu, anakuja mwenyewe. Leo asubuhi alisoma 455, akanitazama, akauliza swali lake, akainua mkia. Nikapangusa ubao, nikarudisha sifuri, akapanda tena. Nimeandika 451.