Redio ya kumpa bibi jirani Krismasi: nyekundu hapana, nyeusi twende

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena. Mezani leo kuna redio mbili, na mnisamehe, nimeshakasirika kabla hata sijaanza. Sikilizeni hii nyekundu ninavyoiwasha. Tulieni kidogo... Haya. Mmemsikia huyo dada? Anapayuka kwa Kiingereza kwamba blututhi iko tayari. Sauti ya juu kabisa, na hakuna mahali pa kumpunguza! Sasa mchukue bibi wa miaka tisini na ushee, kaamka alfajiri, anataka taarifa ya habari ya saa kumi na mbili. Anabonyeza kitufe, anafokewa Kiingereza gizani. Halafu taa za disko hizi, kijani, bluu, nyekundu, zinazunguka tu. Nani alizihitaji?

Ngoja niwaambie kwanza tunamtafutia nani. Mtaani kwetu kuna bibi mmoja, mimi namuamkia kila siku nikitoka. Uhuru wa 1961 ulimkuta ni mama mwenye watoto. Kila Krismasi majirani tunampelekea kitu, na kila mtu anapeleka kile kile: blanketi au kitenge. Mablanketi anayo ya kufungua bweni. Vitenge vyote viko sandukuni, anavitunza kwa ajili ya sherehe, na sherehe ikifika anavaa kile cha zamani alichokizoea. Mwaka huu nikamuuliza binti yake, dada, mama anahitaji nini hasa? Akanijibu bila kufikiri: redio. Ile ya zamani ya betri kubwa inakoroma, na kila nikipita naona betri zimeanikwa juani ukutani. Kizazi chetu cha kuchaji hakijui hilo, lakini wazee wote walianika betri. Joto linaiamsha betri iliyochoka, unapata dakika chache za ziada, basi.

Nikaenda Kariakoo. Desemba ile, mnaijua, unasukumwa mpaka unafika dukani bila kutembea. Hii nyekundu nimeitoa kwa elfu ishirini na tano. Nyeusi hii waliniambia elfu hamsini na tano, tukavutana mpaka thelathini na nane. Hiyo hiyo mtandaoni nimeiona kwa sabini "pamoja na usafiri", usafiri wa kutoka wapi, Dodoma kwa ndege? Jina la kampuni msiniulize. Fungueni mbili tatu za aina hii mtaona ndani zinafanana.

Mambo ya FM, memori kadi, flashi, tochi, yote mnayajua, karibu kila redio ya kuchaji inayo, siyarudii. Mimi nataka muangalie kitu kimoja tu. Sogeza kamera hapa. Karibu zaidi. Mnaona hizi swichi mbili za kuzungusha? Hii ya kushoto: naizungusha... *tk!* Mmesikia huo mlio? Hapo imewaka. Naendelea kuzungusha, sauti inapanda. Narudisha, inashuka, inashuka, *tk*, imezima. Watu wangu, hapa ndipo nilipoipenda hii redio. Kuwasha na sauti viko sehemu moja, kidole kinasikia kabla ya sikio. Bibi huyu ameshika swichi ya namna hii tangu enzi za RTD, ile Redio Tanzania Dar es Salaam, na mpaka leo TBC anaiita RTD. Hakuna cha kumfundisha.

Tazameni na upana wake. Naishika kwa kiganja hivi, bila kubana vidole. Mzee mwenye vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi hawezi kubana kitu kidogo, lakini kusukuma kwa kiganja anaweza. Naijaribu nimevaa glovu hizi nene za jikoni, ndiyo ninavyopima kila kitu cha wazee. Nyeusi: imewaka. Sasa nyekundu, na glovu hizo hizo: vitufe vitano, vyote sawa, maandishi madogo kuliko ya risiti. Nabonyeza hiki... wimbo umebadilika. Nabonyeza kwa muda mrefu... inatafuta stesheni upya, na zote zilizohifadhiwa zimefutika! Nabonyeza hiki cha katikati mara moja, kimya. Imehamia kwenye memori kadi, na memori kadi haipo. Bibi atajua redio imekufa. Ataifunika kitambaa na kuiweka juu ya kabati, na ukienda kumsalimia atakwambia "ile yako ilikuwa nzuri sana mwanangu", ili usijisikie vibaya.

Swichi ya kulia ni ya kutafuta stesheni, ina mshale unaotembea kwenye namba, 88 mpaka 108. Mtaniambia ya namba za kidijitali ndiyo sahihi zaidi. Ni sahihi, ila mshale mzee anauona hata bila miwani, anajua yake iko pale kushoto kidogo. Na mimi nimechukua rangi ya kucha nyekundu ya dada yangu, nimeweka nukta hapa kwenye kioo, kwenye stesheni anayosikiliza. Mnaiona? Akipeperuka, anarudi kwenye nukta. Rangi ya kucha haifutiki kwa jasho, kalamu ya wino inafutika.

Kabla sijaendelea, kwa wageni: kuanzia Januari video zinatoka Jumamosi jioni, siyo Jumatano, kazi imenibana. Na wale wa feni ya kuchaji, nawasikia, inakuja, muuzaji wa kwanza alinipa feni yenye betri iliyovimba, nikairudisha. Sabskraibu, gonga kengele, tusipotezane.

Turudi. Sauti. Watu wengi mkimnunulia mzee redio mnatafuta yenye mdundo. Mnakosea hapo. Uzee unaanza kuondoa sauti nyembamba za juu, zile zinazobeba s, f, sh. Ndiyo maana unamwongelesha kwa nguvu anakwambia "nakusikia, ila unasemaje?" Sauti anaipata, maneno hayapati. Sasa nawawekea taarifa ya habari, stesheni moja, sauti kiasi kimoja. Nyekundu... mmesikia mtangazaji anavyoongea kama yuko ndani ya pipa? Besi imemeza maneno. Nyeusi... hapa kila neno linasimama lenyewe. Muziki wa disko hutaupenda humu, na bibi hachezi disko. Yeye anataka habari, misa, salamu za wagonjwa na matangazo ya vifo. Hayo ya vifo msiyacheke, kwa mtu wa umri ule ndiyo habari za marafiki zake.

Kuna ubaya? Upo. Hiki kipaneli cha sola cha nyuma ni pambo. Ni kidogo kuliko kadi ya benki, juani siku nzima utapata muziki wa kusindikizia chai. Ila nimekifikiria tena: bibi aliyezoea kuanika betri ataianika na hii, na kuanika hakuiharibu mradi asiiache kwenye jua kali la mchana. Kwa hiyo sola sasa naipa nusu maksi, nilikuwa nimeipa sifuri. Antena nayo ni nyembamba, mjukuu wa kwanza atakayefika likizo ataivunja. Inyoosheni nusu tu, mjini inatosha.

Betri ndiyo imenifurahisha. Nafungua mgongo... ona. BL-5C, volti 3.7, ile ile ya Nokia za kitochi. Maana yake ikichoka, fundi simu yeyote wa mtaani anayo, huhitaji kurudi Kariakoo. Zile zenye betri iliyochomelewa ndani, ikifa umetupa redio nzima. Na kwa usalama hii naichaji kwa chaja ya kawaida ya simu ndogo, siyo hizi za kasi.

Mmoja aliniuliza kwenye video iliyopita, kwa nini nisimpe chupa ya chai ya kubonyeza. Chupa ile ikijaa ni nzito, na maji ya moto, na mikono inayotetemeka, mimi sitaki lawama. Kandambili mpya za kuteleza, hapana. Keki na soda kwa katoni, muulize kwanza binti yake kama mama ana sukari. Simu janja... tusiongee, tutagombana. Mkongojo ni zawadi nzuri, lakini anunue mtoto wake, jirani ukimpeleka mkongojo Krismasi anaweza kuona umemwambia kitu.

Jinsi ya kuitoa sasa. Msimpe kwenye boksi. Boksi linaenda sandukuni na redio ndani yake, litatoka Krismasi ijayo likiwa na vumbi. Chaji ijae, nukta iwekwe, swichi zijaribiwe, ufike nayo ikiwa inaongea. Mimi napeleka tarehe 24 mchana, ili misa ya mkesha aisikilize kwenye hii, maana kanisani usiku hawezi tena kufika. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, umekuja na nani anaongea?" Hapo unaiweka kitandani upande wa mkono anaoutumia, unamwachia azungushe mwenyewe. Usiikamate tena. Ile ya zamani usiiondoe hata kama inakoroma, aichoke mwenyewe.

Risiti nimeitunza, duka limenipa wiki moja ya kubadilisha, na hiyo wiki naanza kuihesabu leo, kwa hiyo usiku huu itaongea mpaka chaji iishe nione inakwisha saa ngapi. Majibu nitayabandika kwenye maoni ya kwanza hapo chini. Nyekundu nayo kama kuna kijana anaitaka kwa elfu kumi na tano, aje aichukue na huyo dada wake wa Kiingereza.