ESASky: huduma ya kutazama jeti za mashimo meusi na athari zake kwa galaksi

Anayetaka kuelewa jinsi shimo jeusi linavyoathiri galaksi yake hukutana mapema na kikwazo kimoja: picha moja haitoshi. Jeti, yaani mikondo miembamba ya chembe inayorushwa kutoka kandokando ya shimo jeusi kwa kasi inayokaribia ile ya nuru, huonekana zaidi katika mawimbi ya redio. Gesi moto inayosukumwa na jeti hizo huonekana katika eksirei. Nazo nyota zinazozaliwa hutafutwa katika nuru ya kawaida na katika infraredi. Kwa hiyo ESASky, huduma ya bure ya Wakala wa Anga za Juu wa Ulaya inayofunguka katika kivinjari bila kujisajili, naipima kwa swali moja tu: je, inamsaidia mtazamaji kuziunganisha picha hizo?

Kwa galaksi ya Centaurus A, jibu ni ndiyo bila kusita. Ukiandika jina lake, ramani inahamia huko yenyewe, na katika nuru ya kawaida unaona mkanda wa vumbi uliokata galaksi katikati. Badilisha uende kwenye eksirei, na jeti inajitokeza ikichomoza kutoka kwenye kitovu. Nenda kwenye redio, na unatambua kwamba galaksi uliyokuwa ukiitazama ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Mawingu ya redio yaliyotokana na jeti hizo yametanda angani kwa takriban digrii 8, upana wa Mwezi mpevu mara 16, ingawa galaksi iko umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Upande wa kaskazini mashariki, mahali ambapo mkondo umekutana na gesi, kuna nyota changa, ushahidi kwamba jeti inaweza pia kuchochea uzazi wa nyota. Sijaona njia nyepesi zaidi ya kumwonyesha mwanafunzi jambo hili.

Galaksi ya M87 nayo inapendeza, kwa kuwa jeti yake, ambayo mwanaastronomia Heber Curtis aliiona mwaka 1918, inatambulika hata katika nuru ya kawaida.

Kundi la galaksi la Perseus linadai uvumilivu zaidi, na ndilo lenye somo zito. Gesi iliyoizunguka galaksi ya NGC 1275, iliyo katikati ya kundi hilo, ina joto la makumi ya mamilioni ya digrii, na kwa kutoa eksirei inapoteza nishati daima. Kama kusingekuwa na kitu cha kuipasha joto upya, gesi ya kitovuni ingepoa na kuzaa nyota kwa wingi kuliko zinavyoonekana kuzaliwa. Picha za Chandra, darubini ya eksirei iliyo angani, zinaonyesha jibu: viputo vikubwa katika gesi hiyo, na ukiweka ramani ya redio juu yake, chembe za jeti zinaonekana zimejaa ndani ya viputo hivyo. Mwaka 2003 wanaastronomia walitangaza kuona pia mawimbi ya sauti yakisambaa kutoka hapo. Hata hivyo, chombo cha anga cha Hitomi, cha kuchunguza eksirei, kilipopima mwendo wa gesi hiyo mwaka 2016, kilipata kasi ya takriban kilomita 164 tu kwa sekunde, utulivu uliowashangaza wengi, na hadi leo wataalamu wanajadiliana ni kwa njia ipi hasa nishati ya viputo inageuka kuwa joto la gesi yote.

Hapa ndipo mipaka ya huduma inapoonekana. Tofauti ya mwangaza kati ya kiputo na gesi ya pembeni ni ndogo, hivyo unachokiona kinategemea mno mpangilio wa rangi, na mgeni anaweza kupita bila kuona chochote. Ramani nyingi za redio zimetengenezwa kwa antena zilizounganishwa, ambazo hupoteza nuru hafifu iliyotapakaa kwenye eneo pana; asiyelijua hilo atadhani jeti imeishia pale picha inapofifia. Kubwa zaidi ni suala la vipimo. Ramani inapima pembe angani, haipimi urefu halisi, kwa hiyo kundi la galaksi la MS 0735.6+7421, lililo umbali wa miaka ya nuru bilioni 2.6, linaonekana dogo na la kawaida, ilhali kila kimoja cha viputo vyake viwili kina upana wa zaidi ya miaka ya nuru 600,000. Galaksi yetu nzima, kwa sehemu yake angavu, ni kama miaka ya nuru 100,000 tu. Muda nao haupo kwenye picha: kiputo huchukua mamilioni ya miaka kupanda, na mtu anaweza kuondoka akiamini ameona mlipuko wa ghafla.

Naipendekeza kwa dhati, kwa sharti kwamba isitumike peke yake. Huduma inaorodhesha pia makala za kitaalamu kuhusu kila galaksi pamoja na mipaka ya eneo la anga lililotazamwa katika kila uchunguzi wa darubini za Chandra, XMM-Newton na Hubble, na data yenyewe inaweza kupakuliwa. Anayeanza aende kwanza Centaurus A, na Perseus aifungue akiwa na angalau makala moja pembeni inayotaja vipimo vya viputo.