Piano ya umeme ya vibonyezo 88, tumemnunulia bibi yetu wa kinanda

Jamani kama una mzee nyumbani anayepiga kinanda kanisani usimpelekee kile cha vibonyezo 61, tafuta cha 88 ambacho vibonyezo vyenyewe vina uzito ukibonyeza. Bibi yetu ndo mpiga kinanda wa kanisa tangu mama hajaolewa, na ndo kichwa cha ukoo, hakuna posa wala ugomvi unaoamuliwa bila yeye, sasa vidole vyake vimezoea piano ya zamani ya nyuzi. Hiki upande wa besi vibonyezo ni vizito, ukipanda juu vinakuwa vyepesi, kama piano yenyewe kabisa. Alivyokaa tu akaita wajukuu, wewe sauti ya kwanza, wewe ya pili, mkono wa kushoto unatembea na besi taratibu, na aliyekosea anarudishwa mstari mzima!

Nilichokipenda zaidi ni transpozi, waumini wakianza wimbo juu sana anashusha nusu toni au toni nzima na vidole vinabaki palepale. Habari za kumtafuta fundi wa kutuni hakuna tena, na alfajiri anavaa hedifoni anafanya mazoezi watoto wamelala.

Mabaya yapo. Stendi yake inatikisika, pedali inateleza sakafuni kila akikanyaga, na maandishi ya vitufe ni madogo mno kwa macho ya mzee, ikabidi tubandike stika. Spika zinatosha sebuleni tu, kanisani lazima uunganishe na miksa. Nyota nne, stendi nunua nyingine.