Nyumba nzima kutoka Tabata hadi Sengerema: huduma ya lori la kuchangia niliyoitumia

Nimeishi Dar miaka 11, saba ya mwisho Tabata Kimanga. Barua ya ajira iliponifikia, kazi ya uhasibu kwenye SACCOS moja huku kwetu Sengerema, nilibakiwa na wiki tatu za kufunga nyumba, kwani nilitakiwa kuripoti Jumatatu ya tarehe 1 Desemba. Mwajiri mpya halipii mzigo wa mfanyakazi. Ikabidi nichague: niuze vitu nikaanze upya, au nivisafirishe zaidi ya kilomita 1,100.

Wengi huuza, na mimi nilikaribia kuuza. Kitanda changu cha mninga, sita kwa sita, dalali alikitolea 150,000 akiwa amesimama mlangoni, hata kukigusa hajakigusa. Nikajua kwa bei hizo nitafika nyumbani na fedha isiyonunua hata godoro na kabati. Halafu kulikuwa na cherehani ya marehemu mama, Butterfly ya kukanyaga kwa mguu. Hiyo haiuzwi.

Niliongea na wasafirishaji watatu. Wa kwanza alitaka nikodi Fuso zima kwa 2,600,000. Wa pili alitazama picha nilizomtumia akasema 1,100,000 bila kuuliza swali hata moja. Wa tatu, ambao ndio ninaowazungumzia hapa, walimtuma kijana nyumbani na futi kamba. Alikaa karibu saa nzima, akapima kabati, akanyanyua kona ya kila boksi aone uzito, akaandika. Bei yao ilikuwa 780,000, mlangoni hadi mlangoni, kwa kuchangia lori na wateja wengine. Nusu nilipe kabla ya kupakia, nusu mzigo ukishashushwa. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nilipewa kwa malipo yote mawili. Kwa mhasibu hilo ni jambo la kwanza kuangalia. Jina lao siliweki hapa kwa sababu kuna fedha bado tunadaiana, na nitaieleza.

Jumatano tarehe 26 Novemba, saa moja asubuhi, walikuja watu wanne na kirikuu mbili za kupeleka mzigo kwenye yadi yao. Kabla hawajabeba kitu walifungua daftari. Kila kitu kilibandikwa karatasi yenye namba, kuanzia 1 hadi 41, na kando ya namba wakaandika hali yake: kabati la vyombo, mkwaruzo mlango wa kushoto; meza, mguu mmoja umelegea. Nikasaini, dereva akasaini, kila mmoja akabaki na nakala. Ukitaka kujua msafirishaji ni wa namna gani, angalia daftari lake. Asiye na daftari mwache aende zake, hata akikupunguzia laki mbili.

Mtungi wa gesi walikataa kuubeba. Ulikuwa umejaa, na nilinung'unika kidogo, lakini walikuwa sahihi: mtungi uliojaa hauwezi kulala chini ya turubai na mali za watu siku kadhaa juani. Nikamwachia jirani. Kuhusu friji waliniambia mapema niligandue na kulikausha siku moja kabla. Wakalisafirisha limesimama wima, na wakanisisitiza nisilichomeke mara tu likifika, nisubiri saa kadhaa ili mafuta ya kompresa yashuke mahali pake. Linafanya kazi vizuri hadi leo.

Sasa cherehani. Utingo wao, kijana ambaye hakuongea sana siku nzima, alichuchumaa mbele yake akaitazama kama fundi. Aliuvua mkanda wa ngozi kwenye gurudumu kwanza, akauviringisha. Akalegeza kichwa, akakitoa kwenye meza yake, akakifunga kwenye blanketi langu la zamani na kukizungushia kamba mara mbili. Bolti na skrubu zote alizitia kwenye kifuko cha nailoni pamoja na ule mkanda, kisha akakifunga kifuko kwenye mguu wa chuma wa ile ile cherehani. Akaniambia, "Dada, hiki kifuko wasikufungulie njiani. Kikifunguliwa, skrubu hizi huzipati." Akaandika namba 17 pande mbili, kwenye kichwa na kwenye miguu. Nilisimama pale nikamkumbuka mama alivyokuwa akitufukuza tusiikanyage tukiwa wadogo.

Mimi nilipanda basi Mbezi jioni ya kesho yake. Mwanangu nilimwacha kwa dada yangu Mbagala amalize muhula. Stendi ya Nyegezi, Mwanza, nikachukua Hiace ya Sengerema, na hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo. Nilipoondoka mwaka 2014 nilivuka Busisi hadi Kigongo kwa pantoni, baada ya kukaa foleni hadi jua linazama. Daraja lilifunguliwa Juni 2025, na hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kulipita. Karibu kilomita tatu juu ya ziwa, dakika chache, umefika ng'ambo. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu aliniona nafuta macho, akanishika mkono tu, hakuuliza.

Kasoro yao kubwa ni muda. Niliambiwa siku tatu, maana yake Jumamosi. Jumamosi ikapita, sikupigiwa simu. Nilipompata dereva mwenyewe, akaniambia gari limesimama Dodoma linasubiri mzigo wa mteja wa Singida. Kumbe zile siku tatu wao huzihesabu tangu lori lijae na kuondoka, na ofisini hakuna aliyenieleza hivyo wakati napokea bei. Jumatatu nikaripoti kazini na sketi niliyosafiri nayo, nikiwa nimelala mkekani kwenye nyumba tupu ya kupanga na blanketi la baba. Kazi mpya inataka mtu aliyelala vizuri. Hili liliniumiza, na liliniumiza zaidi kwa sababu simu moja tu ingetosha.

Lori lilifika Jumanne karibu magharibi. Sikuwa nimeita mtu, lakini majirani walitoka wenyewe, vijana kwa wazee, wakaanza kushusha. Baba, mwalimu mstaafu, aliomba nakala yangu ya daftari, akavaa miwani, akakaa kwenye kiti namba 9 kilipotua, akawa anaita namba moja moja na kuweka alama kwa kalamu nyekundu. Hakuna kilichoingia ndani kabla hajakiita.

Kasoro ya pili ilikuwa boksi namba 23. Turubai lilikuwa limechanika kwenye kona, na mvua iliwapata wakivuka Mlima Sekenke. Vitabu vya mwanangu na albamu ya picha vililowa. Dereva ndiye aliyenionyesha, kabla sijafungua, na akaandika kwa mkono wake kwenye nakala zote mbili kwamba boksi limefika limelowa. Kwa maandishi hayo ofisi haikuweza kunizungusha: walikubali fidia ya 60,000. Wametuma 30,000. Nyingine nawakumbusha kila Ijumaa, na risiti ya makubaliano ninayo. Namshukuru Mungu vyeti vyangu nilivibeba kwenye mkoba wangu mwenyewe. Usikubali kupakia vyeti kwenye lori la mtu yeyote.

Mwenye kuhama mkoa na vitu vya nyumba ya vyumba viwili, nasema watumie wasafirishaji wa aina hii. Bei ni ya haki na mikono yao ni ya watu wanaojua kazi. Ila muandikishane tarehe ya lori kuondoka Dar na tarehe ya kufika, zote mbili, na upakie angalau siku kumi kabla ya siku ya kuripoti. Muulize pia dereva akuonyeshe turubai limekunjuliwa. Nusu ya mwisho ya fedha ikae mkononi mwako hadi namba ya mwisho iitwe.

Cherehani tuliiunga usiku ule ule kwa mwanga wa tochi. Kifuko kilikuwa pale pale kwenye mguu, skrubu zote zimo, mkanda umo. Baba aliuvalisha mkanda mwenyewe, akakanyaga, gurudumu likazunguka. "Wabeja," yaani asante, alimwambia utingo, na kijana, ambaye hajui Kisukuma, akaitikia kwa kuinamisha kichwa.

Wiki iliyopita jirani yangu wa zamani Kimanga amepata kazi Shinyanga, kwao. Nimempa namba yao ya simu, na nimemwambia amuulizie utingo huyo.