Bathdei ya kupika: uzoefu wangu na wapishi wa mashindano ya watoto

Miaka mitatu mfululizo nilikodi kasri la kuruka kwa bathdei ya binti yangu. Watoto waliruka, wakagongana vichwa, wakala keki, wakaenda zao. Mwaka huu, akikaribia kutimiza miaka 9, Neema aliniambia hataki kuruka tena. Anataka kupika, na anataka wenzake wapike naye, halafu mtu awape alama. Sikushangaa. Kwa ajili ya kazi za shule za CBC, mtaala wetu wa umilisi hapa Kenya, ameshapika ugali na sukuma mara kadhaa, mimi nikimpiga picha za kumpelekea mwalimu.

Nilipata kikundi cha vijana watatu, dada wawili na kaka mmoja, wote wamesomea upishi, wanaokuja nyumbani kuendesha mashindano ya watoto. Bei yao ni shilingi 1,800 kwa kila mtoto. Wetu walikuwa 14, ikawa 25,200. Nusu nililipa kwa M-Pesa wiki moja kabla na nusu siku yenyewe. Wanakuja na hema, meza, meko mawili ya gesi, masufuria, aproni, kofia za karatasi na visu vya plastiki vyenye meno, ambavyo vinakata nyanya vizuri bila kukata kidole. Vyakula unanunua mwenyewe, na keki pia ni juu yako. Mimi nilidamkia soko la Marikiti siku ya Ijumaa nikachukua nyanya, vitunguu, dania na hoho. Mayai trei moja na pakiti mbili za unga wa ngano za kilo mbili nilinunua dukani hapa mtaani kwetu South B, Nairobi.

Kabla hata sijalipa, dada mkubwa wa kikundi alinipigia simu. Swali lake la kwanza halikuwa rangi ya mapambo. Aliuliza ni mtoto gani ana mzio wa chakula. Nilikuwa sijafikiria. Nikawaandikia wazazi wote, na kumbe mmoja wa watoto hagusi karanga kabisa. Dada huyo akaniagiza pia niwaambie wazazi watoto waje na viatu vya kufunika vidole, na wenye nywele ndefu wazifunge. Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia, maana wasiwasi wangu wote ulikuwa moto na mafuta.

Siku yenyewe walichelewa dakika 50. Ilikuwa Jumamosi ya Aprili, mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na barabara zilifungana. Hilo naelewa, lakini anayeishi Nairobi anajua Aprili ni msimu wa mvua, na angetoka nyumbani mapema. Watoto 14 wenye njaa ndani ya sebule moja kwa karibu saa nzima si jambo dogo. Mamangu ndiye aliyeniokoa kwa hadithi.

Walipofika, kazi ilianza mara moja. Watoto waligawanywa katika vikundi vinne, wakubwa wakichanganywa na wadogo. Raundi ya kwanza ilikuwa mayai pasua na kachumbari, chakula ambacho kila mtoto wa mtaani kwetu amekinunua kandokando ya barabara. Niliona uchaguzi huo una busara sana. Ni kitu ambacho mtoto wa miaka 7 anaweza kukianza na kukimaliza kwa mikono yake mwenyewe, bila mtu mzima kumnyang'anya kisu katikati.

Wakati mayai yanachemka palitokea jambo ambalo Neema bado analisimulia. Mpwa wangu alikuwa amekuja likizo kutoka Mombasa, na yeye alishikilia kwamba mayai yameshaiva, maana kwao huwa yameiva kwa muda huo. Yule kaka mpishi hakumkatiza. Alichukua kipimajoto, akakitumbukiza kwenye maji yaliyokuwa yakitokota, akawaita watoto wote wasome. Kilionyesha nyuzi 94. Akawaeleza kwamba Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100 kwa sababu mji uko usawa wa bahari, lakini Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, hewa inayokandamiza maji ni nyepesi, kwa hiyo maji yanatokota kabla hayajawa moto kiasi kile. Ndiyo maana yai, wali na hata maharagwe hapa huhitaji muda zaidi. Watoto walinyamaza kabisa. Mpwa wangu alisoma kile kipimajoto mara tatu.

Raundi ya pili ilikuwa chapati. Donge lilikandwa mapema likaachwa lipumzike nusu saa chini ya kitambaa, na dada akawaonyesha tofauti: donge ambalo halijapumzika ukilisukuma linajirudisha, lililopumzika linatii. Watoto walisukuma wenyewe. Kuchoma kulifanywa na wapishi peke yao, na mstari wa chaki ulichorwa sakafuni ambao hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuuvuka. Mstari huo uliheshimiwa hadi mwisho.

Tatizo ni kwamba walileta miti minne tu ya kusukumia. Minne kwa watoto 14! Kila kikundi mti mmoja, wengine wamesimama mikono imejaa unga, wakianza kusukumana wao badala ya chapati. Mwishowe nilitoa chupa za soda za glasi, tukazisafisha na kuzipaka unga, kazi ikaendelea. Kwa bei ile, kila mtoto anastahili mti wake.

Majaji walikuwa dada mkubwa, jirani mmoja, na mamangu. Alama zilikuwa 40: ladha 10, sura ya chakula 10, ushirikiano 10, na usafi wa meza 10. Hizo za usafi ndizo zilizonifurahisha kuliko zote. Nilitazama watoto ambao nyumbani hawainui hata kikombe wakipangusa meza na kuosha bakuli zao bila kuambiwa, kwa sababu shosho, yaani mamangu, alikuwa anapita na kalamu.

Kisha dada akaanza kutangaza matokeo kutoka mwisho, na alama zake zote. Kikundi cha nne kiliposomwa, kijana mdogo kabisa alianza kulia. Alikuwa amekata vitunguu vyote vya kikundi chake, macho yakimtoka machozi, na hakuacha. Nilimvuta dada kando nikamwambia, "Dada yangu, tafadhali soma washindi tu, hao wengine mwambie kila mmoja alichofanya vizuri." Akanijibu, "Sawa, Mama Neema, nimekuelewa," na akafanya hivyo hivyo. Yule kijana akatajwa kwa vitunguu vyake mbele ya wote. Lakini hili lisingepaswa kutoka kwangu. Ukiwaita, zungumza nao kuhusu matokeo siku ya kulipa arabuni.

Kila mtoto alirudi nyumbani na chapati zake mbili kwenye mfuko wa karatasi wenye jina lake. Saa kumi na mbili jioni hema lilikuwa limeshakunjwa na pale chini ya ploti, yaani jengo tunamoishi, hapakuwa na hata ganda la yai. Msimamizi wa ploti, ambaye nilimbembeleza wiki nzima aturuhusu, alikuja kuniuliza namba yao kwa ajili ya mwanawe.

Mimi ninawapa nyota nne kati ya tano. Agosti ni zamu ya kifunga mimba wangu, anatimiza miaka 6, na nimeshawaita tena. Tumekubaliana wafike saa nne kamili, waje na miti ya kusukumia ya kutosha, na mamangu awe jaji mkuu.