Tahadhari kwa wana Mwanza: bahati nasibu ya sarafu za kidijitali yenye "uthibitisho" usiothibitisha kitu

Ndugu zangu wa Kirumba, Igoma, Nyegezi na visiwani, ninaandika tahadhari hii kuhusu bahati nasibu ya sarafu za kidijitali inayouzwa mkononi na mawakala wanaozunguka masokoni na stendi, ambayo mvuto wake wote umo katika dai kwamba kila droo yake inaweza kuhakikiwa kihesabu na mtu yeyote. Mimi hutunza hesabu za wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na kwa miezi miwili nilikuwa mteja wao. Jina la mchezo silitaji kwa sababu limeshabadilika mara moja tangu nianze kuufuatilia, na atakayeshika jina akaacha mbinu ataliwa tena watakapokuja na jina la tatu.

Wakala aliyetufikia ni kijana mstaarabu, mwenye shikamoo kwa kila mzee, ambaye alikuwa akija jioni wakati dagaa waliokauka wanafungwa kwenye magunia na watu wana fedha mfukoni. Tiketi moja ilikuwa shilingi 5,000, unalipa kwa simu, naye anasema ameibadilisha kuwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, na kukuandikia namba ya tiketi. Droo ilikuwa kila Jumamosi saa 3 usiku. Mzee mmoja mwenye mitumbwi alipomuuliza tutajuaje kwamba washindi si ndugu zake, kijana alifungua simu akamwonyesha mstari wa herufi na tarakimu 64 na kumwambia, "Mzee wangu, hii ni hesabu, na hesabu haina ndugu." Mzee akacheka akasema, "Sawa mwanangu, lakini mizani hii kaipima nani?" Hilo swali nililichukulia kama utani, nikanunua tiketi sita.

Kwanza niseme kwa haki kwamba teknolojia wanayoitaja ipo, na ikitumiwa vizuri inafanya kazi. Mstari ule wa herufi 64 huitwa heshi, na unatokana na kanuni iitwayo SHA-256, ambayo huyageuza maandishi yoyote kuwa alama isiyobadilika kama alama ya kidole. Ukiandika abc kwa herufi ndogo, bila nafasi na bila nukta, kwenye programu yoyote ya kukokotoa SHA-256 duniani, lazima utapata heshi inayoanza na ba7816bf na kuishia na f20015ad. Ukibadilisha herufi moja tu, heshi yote inageuka, na hakuna njia inayojulikana ya kuirudisha heshi nyuma ili kupata maandishi yaliyoizaa. Kwa hiyo mwendeshaji mwaminifu anaweza kuandika siri yake, ambayo wenyewe huiita mbegu, akatangaza heshi ya mbegu hiyo kabla hajauza tiketi hata moja, na baada ya droo akaitoa mbegu yenyewe hadharani ili kila mtu aikokotoe na kuona kwamba haikubadilishwa njiani. Wengine huongeza kitu ambacho hawana uwezo nacho kabisa, kwa mfano heshi ya bloku ya Bitcoin, yaani furushi la miamala linaloandikwa hadharani kwenye mtandao wa sarafu hiyo, ambayo bado haijapatikana. Bloku hizo huja kwa wastani wa dakika kumi kila moja, na hakuna anayejua heshi ya bloku ya kesho.

Nguvu yote ya mpango huo iko kwenye neno "kabla". Hawa jamaa walikuwa wakifanya kila kitu "baada".

Nilianza kushtuka wiki ya nne. Maelezo yao yanasema mshindi hupatikana kwa heshi ya "bloku ya kwanza ya Bitcoin baada ya saa 3 usiku". Nilifungua tovuti ya wazi inayoonyesha bloku zote, ambayo haina uhusiano nao, nikakumbuka kwamba saa 3 usiku ya kwetu ni saa 18:00 kwa saa ya kimataifa ya UTC, nikalinganisha. Droo ya kwanza niliyoichunguza ilitumia kweli bloku ya kwanza. Ya pili ilitumia bloku ya tatu. Iliyofuata ilitumia ya pili. Nilipomuuliza wakala alijibu kwamba mtandao ulichelewa, jibu ambalo halina maana, kwa kuwa bloku iliyokwisha kuandikwa haisubiri mtandao wa mtu. Isitoshe, muda ulioandikwa ndani ya bloku ya Bitcoin si wa kuaminika kwa dakika, kwani kanuni za mfumo huo zinaruhusu utangulie hadi saa mbili, na ndiyo maana mwendeshaji makini hutaja mapema namba ya bloku yenyewe na hategemei saa.

Huenda mtu akaona kwamba kuruka bloku moja au mbili ni jambo dogo. Chukua droo yenye tiketi 1,000 ambamo mwendeshaji mwenyewe anashikilia 300 kwa majina ya bandia. Akifuata bloku moja iliyotajwa mapema, nafasi yake ya kushinda ni asilimia 30. Akijiruhusu kusubiri na kuchagua miongoni mwa bloku nne, nafasi kwamba angalau moja itampa ushindi inapanda hadi asilimia 76. Heshi zote nne ni halali, zote zinaonekana hadharani, na atakayehakiki hesabu ya ile iliyochaguliwa atakuta iko sawasawa.

Ubaya mkubwa zaidi niliukuta kwenye idadi ya tiketi. Mshindi hupatikana kwa kuigeuza heshi kuwa namba kubwa, kuigawanya kwa idadi ya tiketi, na kuchukua baki. Tuseme, kwa ufupi, namba hiyo ni 58,317. Tiketi zikiwa 1,000, baki ni 317. Zikiwa 1,001, baki ni 259. Zikiwa 1,002, baki ni 201. Yaani anayeruhusiwa kuongeza tiketi baada ya kuiona bloku anaweza kumhamisha mshindi mpaka apate anayemfaa, bila kuigusa heshi. Orodha ya tiketi zao haikuwahi kutangazwa kabla ya droo hata mara moja. Jumamosi moja nilipiga picha ya ukurasa wao saa 2:58 usiku, ukionyesha tiketi 1,412. Matokeo yalipotoka, hesabu yao ilikuwa imetumia 1,419. Nani alinunua tiketi saba ndani ya dakika mbili za mwisho, na kwa nini namba ya ushindi ilikuwa ya tatu kati ya hizo saba?

Kuhusu kitufe chao cha kijani kilichoandikwa "Thibitisha", ambacho wakala hupenda sana kukibonyeza mbele ya watu, nilikifanyia jaribio la kitoto. Mahali pa kuweka mbegu niliandika neno dagaa, na mahali pa namba ya tiketi nikaweka tarehe ya siku hiyo. Kikazunguka kidogo, kisha kikaandika: "Droo hii ni ya haki." Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mzee na swali lake. Pale Mwaloni mizani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na mwenye mizani hapewi kazi ya kujikagua. Kitufe kilicho kwenye tovuti ya muuzaji ni muuzaji yuleyule akisema maneno yaleyale kwa rangi nyingine.

Nisije nikaonekana ninadhani udanganyifu wa droo ni wa watu wa sarafu za kidijitali peke yao. Huko Marekani, Eddie Tipton, aliyekuwa mkuu wa usalama wa mifumo katika chama kinachoendesha bahati nasibu za majimbo kadhaa, alipachika msimbo wake ndani ya mashine ya kuchagua namba, na tiketi ya dola milioni 16.5 iliyonunuliwa mwaka 2010 ndiyo iliyomfichua. Mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha hadi miaka 25. Huyo alikuwa ndani ya mfumo wenye wakaguzi. Hawa wetu hawana mkaguzi yeyote.

Hasara yangu haikufika laki moja, na ningenyamaza kama si yaliyompata mama mmoja anayeuza karibu na ofisi yetu. Huyu aliambiwa ameshinda USDT 1,200, akaonyeshwa salio kwenye programu yao, kisha akatakiwa atume kwanza "kodi ya asilimia kumi" kwenye pochi ya USDT ndipo afunguliwe fedha zake. Akakopa kwenye kikoba shilingi 310,000, akatuma kupitia kwa wakala yuleyule. Baada ya hapo ikaja "ada ya uhakiki". Hapo ndipo aliponijia na simu mkononi. Jamani, kodi ya ushindi wa michezo ya kubahatisha hapa nchini hukatwa na mwendeshaji kutoka kwenye ushindi wenyewe na kupelekwa TRA. Mshindi haitumi kabla kwenye pochi ya mtu binafsi. Na USDT ikishatumwa, hakuna kitufe cha kurudisha muamala kama ulikosea namba.

Mwendeshaji yeyote wa michezo hii nchini anatakiwa awe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya sheria ya mwaka 2003. Wakala alipoombwa leseni alituonyesha picha ya cheti cha Kiingereza kisichotaja Tanzania popote. Benki Kuu nayo iliwatahadharisha wananchi kuhusu sarafu hizi tangu Novemba 2019, na onyo hilo mimi nililisoma wakati ule nikalipuuza.

Yule mama ameshatoa taarifa polisi, akiwa na namba za miamala, namba za simu na picha za mazungumzo, na namba ya wakala tumeituma kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Wengine mliolipa fanyeni hivyo hivyo kabla hamjafuta kitu, hata kama mmeona aibu. Picha nilizopiga za droo tano, pamoja na hesabu za baki, ninazo, na nitampa yeyote anayezihitaji kwa ajili ya malalamiko yake.

Tangu wiki iliyopita ukurasa wao umebadilishwa jina na rangi, na wakala ameonekana upande wa Kamanga, kwenye foleni ya kivuko. Kitufe cha "Thibitisha" kiko palepale. Tiketi za Jumamosi hii zimeanza kuuzwa, na hadi ninapoandika haya hakuna namba ya bloku wala heshi ya mbegu iliyotangazwa.