TAHADHARI: Seva za mtumba zinazokimbia kwenye video tu

Wadau wa IT, hasa mlioko mikoani mnaonunua seva za mtumba kutoka Dar kwa video ya WhatsApp na kuzipokea stendi, someni hii kabla hamjatuma hela.

Mwezi uliopita nilimnunulia mteja wangu, mama mwenye duka la jumla hapa Mwanza, seva ya Dell R720 yenye kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) aina ya PERC H710 na diski nne za mizunguko 7,200. Milioni mbili na laki nne. Muuzaji ana stoo Kariakoo, ana maneno matamu, na kabla hujalipa anapokea simu hata saa sita usiku. Jina lake silitaji, ninachotaka mkijue ni mchezo wake. Kwenye video aliandika faili kubwa mbele yangu, namba zikapanda, nikaridhika. Mzigo ukafika salama, haujakosa hata skrubu.

Nikafuta mpangilio wa diski aliouweka yeye, RAID 5, nikatengeneza wa RAID 10, kwa sababu hifadhidata ya mauzo na RAID 5 haviivi chungu kimoja. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kurudisha nakala ya hifadhidata, kazi ya dakika ishirini kwenye kompyuta yao ya zamani ya mezani, kukachukua saa mbili na ushee. Keshia akibonyeza kuhifadhi risiti, anahesabu moja hadi nne ndipo skrini inarudi. Mama akanitazama: "Mwanangu, hii ndiyo uliyosema ya kisasa?" Nikajifanya natafuta waya chini ya meza.

Nilipoteza usiku wa siku mbili nikizilaumu diski. Nikazipima na smartctl, programu ya kuangalia afya ya diski, zote safi. Nikachomoa nyaya na kuzirudisha, nikabadilisha toleo la Linux, hamna kitu. Kilichonizindua ni fio, programu ya kupima kasi ya diski. Niliipa kazi ya kuandika vipande vidogo vya kilobaiti 4, kila kimoja kikisubiri uthibitisho, ikatoa kama 90 kwa sekunde. Sasa piga hesabu: diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde. Ukiona uandishi umeganda chini ya hapo, jua kila ombi linasubiri sahani ya diski izunguke, na kache ya kadi, yaani kumbukumbu yake ya haraka, ile megabaiti 512 uliyoilipia, imelala.

Nikaendesha amri ya megacli, programu ya kuikagua kadi ya RAID: megacli -LDInfo -Lall -aAll. Mstari wa Default Cache Policy ulisema WriteBack, yaani andika kupitia kache. Mstari wa chini yake, Current Cache Policy, ulisema WriteThrough, yaani subiri hadi diski yenyewe iandike. Maana yake kadi iliagizwa itumie kache, ikakataa. Na kadi hii ikikataa hivyo, mtu wa kwanza kumuuliza ni betri ya hiyo kache.

Nikafungua mfuniko. Betri ipo, imekaa mahali pake vizuri. Ila waya wake umekunjwa na kusukumwa chini ya betri yenyewe, plagi haijachomekwa popote. Nikaitoa nikaiweka mezani: imevimba tumbo, ukiigusa inayumba kama mtumbwi.

Nikampigia muuzaji. Sikiliza jibu lake: "Aaa kaka, hilo dogo. Washa upya, bonyeza Ctrl+R, weka Force Write Back, utaona inavyokimbia." Mimi nilikuwa nimemwambia seva ni nzito tu. Neno betri sikuwa nimelitamka.

Kwa wasioijua kazi ya hiyo betri: kache ya kadi ni kama karani wa ghala anayekusainia risiti mzigo ungali barazani, ataupanga ndani baadaye. Ndiyo maana inakuwa haraka. Betri ndiyo paa la baraza hiyo. Umeme ukikatika, inaitunza data ambayo bado haijafika kwenye diski mpaka umeme urudi. Betri ikifa, kadi yenyewe inaacha kusaini mapema, na hapo unaona uzito. Force Write Back inamlazimisha karani aendelee kusaini huku paa limeezuliwa. Ndivyo RAID 5 yake ilivyokimbia, na nilipoifuta, ulazimishaji ukafutika nayo. Kwenye video hutaona tofauti yoyote. Utaiona siku umeme ukikatika.

Na lile onyo la kuwa betri haipo au imekufa, ambalo kadi hizi hulitoa seva inapowaka? Ujumbe wenyewe unakuruhusu kubonyeza D usiuone tena. Kwangu halikutokea hata mara moja.

Nilipombana akasema, "Si una UPS?" Ninayo. Lakini UPS haizuii pawa saplai ya seva kuungua, wala dada wa usafi kuchomoa waya apate pa kuchomeka pasi. Jamaa yangu wa Shinyanga alinunua kwa mtu huyuhuyu, naye ana UPS. Seva ilizima ghafla, jedwali la mauzo likaharibika, wakaingiza upya mauzo ya siku mbili kutoka kwenye vitabu vya risiti. Nilipoingia kwenye seva yake kwa mbali nikakuta maneno "Write Cache OK if Bad BBU". BBU ndiyo hiyo betri. Kwenye mpangilio salama panasomeka "No Write Cache if Bad BBU".

Kwa hiyo akikuonyesha namba za kasi, mwambie asimamishe hapo na aendeshe amri mbili mbele ya kamera: ile ya juu ya -LDInfo, kisha ya hali ya betri, megacli -AdpBbuCmd -GetBbuStatus -aAll. Halafu afungue mfuniko, aufuate waya wa betri kwa kidole mpaka plagi inapoingia. Msome na maandishi ya kadi pia, maana wapo wanaouza H310 kwa jina la H710, na H310 haina kache kabisa.

Kadi yenyewe haina kosa, ni nzuri. Nilinunua betri mpya kwa mtu mwingine, elfu themanini na tano, nikaiacha ichaji usiku kucha. Asubuhi fio ileile ikatoa zaidi ya 4,000 kwa sekunde, bila kulazimisha chochote.

Muuzaji aliahidi kunirudishia hiyo elfu themanini na tano "kesho Jumatatu". Jumatatu tatu zimepita. Meseji zangu anazisoma, na tangu juzi ametangaza R720 nyingine, pichani mfuniko umefungwa.